Je, Petroli ya Oktani ya Juu Inastahili Bei Yake?

Swali: Nyumbani tuna magari mawili. La kwanza ni dogo, lina injini ya lita 1.5 isiyo na turbo, na nyuma ya kifuniko cha tangi pameandikwa oktani 91 au zaidi. Rafiki yangu alinishawishi nilijazie oktani 98, akidai kwamba mafuta hayo yana nguvu zaidi, yanasafisha injini na kuifanya idumu, na kwa kweli tangu nianze naliona gari kuwa jepesi. La pili, analoliendesha mke wangu, lina turbo, na kitabu chake kinapendekeza oktani 98, lakini sisi hulijazia 95 kwa sababu ya bei. Je, tunafanya sawa? Na je, kuna ubaya wowote kuchanganya aina hizi mbili ndani ya tangi moja?

Jibu: Kwa maelezo uliyoyatoa, fedha ya ziada mnaipeleka kwenye gari lisiloihitaji na mnaibana kwenye gari ambalo angalau lingeweza kuitumia. Hakuna gari kati ya hayo mawili ambalo mmeliharibu, kwa hiyo usiwe na wasiwasi, lakini ni vizuri uelewe sababu zake, kwa kuwa uamuzi huu unarudi kila unaposimama kwenye pampu.

Namba ya oktani haipimi nguvu iliyomo ndani ya mafuta, na hapa ndipo rafiki yako alipoteleza. Lita moja ya petroli ina nishati ya takriban megajuli 32, iwe ni ya oktani 91 au 98, na tofauti ndogo zinazoonekana hutokana na viambato vilivyotumika kuichanganya, wala si daraja lenyewe. Tena wakati mwingine mambo huwa kinyume na matarajio ya mnunuzi: ethanoli ina oktani kubwa kuliko petroli, lakini nishati yake kwa lita ni pungufu kwa takriban theluthi moja, hivyo petroli iliyopandishwa oktani kwa kuongezewa ethanoli inaweza kuwa na nishati kidogo kuliko ile ya kawaida. Kinachopimwa na namba hiyo ni uwezo wa mafuta kustahimili joto na mgandamizo bila kujiwasha yenyewe kabla moto ulioanzishwa na plagi haujayafikia.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa tuingie ndani ya silinda. Pistoni inapopanda, mchanganyiko wa hewa na petroli unabanwa na kupata joto. Plagi inatoa cheche muda mfupi kabla pistoni haijafika kileleni, na moto unaanza kusambaa kutoka kwenye plagi kuelekea kwenye kuta za silinda. Mchanganyiko ulioko pembezoni, ambao moto bado haujaufikia, unakuwa katika hali ngumu sana, maana unabanwa na pistoni upande mmoja na gesi moto zinazopanuka upande wa pili, huku joto lake likizidi kupanda. Kama petroli ni stahimilivu vya kutosha, moto unaufikia kwa utaratibu na kazi inaisha vizuri. Kama si stahimilivu, mabaki hayo hulipuka yote kwa mkupuo, na wimbi la shinikizo hupiga kuta za silinda na kurudi, likitetemesha chuma maelfu ya mara kwa sekunde. Hapo ndipo fundi anaposema kwamba injini inagonga, na ukiwa ndani ya gari linalopanda mlima kwa gia kubwa unaweza kuusikia mlio wake, kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe.

Kugonga kidogo kwa sekunde chache hakuui injini. Kugonga kwa nguvu na kwa muda mrefu ni habari nyingine, kwa sababu mawimbi hayo huondoa tabaka jembamba la gesi lililokuwa likikinga chuma dhidi ya joto kali. Pistoni iliyopata adhabu hiyo ukiitoa na kuiangalia kwenye ukingo wa juu, utakuta alumini imeliwa na kuacha vijishimo vidogo vyenye rangi ya majivu, na ukiwa na bahati mbaya zaidi utakuta kuta nyembamba kati ya ringi zimevunjika au gasketi ya silinda hedi imeungua.

Kipimo chenyewe kilianza miaka ya 1920, wakati Graham Edgar wa kampuni ya Ethyl nchini Marekani alipopendekeza vimiminika viwili vitumike kama mizani: aiso-oktani, ambayo huvumilia sana, ikapewa 100, na heptani, ambayo hugonga upesi, ikapewa sifuri. Petroli ya oktani 95, kwa hiyo, ni ile inayogonga sawasawa na mchanganyiko wa sehemu 95 za aiso-oktani na 5 za heptani. Upimaji hufanywa mpaka leo kwa injini maalumu ya silinda moja ambayo uwiano wake wa mgandamizo, yaani kiasi inavyoubana mchanganyiko, unaweza kubadilishwa ikiwa inazunguka. Kuna njia mbili za kupima: ile iitwayo RON, ambayo huendesha injini hiyo kwa mizunguko 600 kwa dakika, na ile iitwayo MON, yenye mizunguko 900 na mchanganyiko unaoingia ukiwa na joto kubwa zaidi. Petroli ileile hupata namba ndogo zaidi kwa njia ya pili, na nitarudi kwenye jambo hili kwa sababu limewatia hasara watu wengi.

Kwa nini basi wahandisi wanahangaika na oktani, ikiwa haiongezi nishati? Ni kwa sababu injini inayobana mchanganyiko wake zaidi hutoa kazi kubwa zaidi kutoka kwenye nishati ileile, na kinachowazuia kubana watakavyo ni kugonga. Oktani kubwa humpa mhandisi nafasi ya kupandisha uwiano wa mgandamizo, au kuiongezea turbo shinikizo, au kuwahisha cheche. Lakini faida hiyo hukaa kwenye muundo wa injini na kwenye ramani ya kompyuta yake, yaani maagizo yanayoiambia itoe cheche wakati gani. Mtu aliyebuni injini yako ya lita 1.5 aliamua tangu mwanzo kwamba ifanye kazi salama kwa oktani 91. Akapanga umbo la chumba cha mwako, mgandamizo na wakati wa cheche kulingana na hilo. Unapoimiminia oktani 98, unaipa uvumilivu wa ziada ambao haikuuomba. Pistoni hazibadiliki urefu wala mgandamizo haupandi, na mara nyingi cheche inaendelea kutolewa wakati uleule.

Nimesema mara nyingi, wala sikusema daima, kwa kuwa magari ya siku hizi yana sensa ya kugonga. Ni kifaa kidogo kilichofungwa kwa bolti kwenye mwili wa injini, ambacho husikiliza mtetemo wa masafa yanayolingana na kugonga kwa silinda husika, kwa silinda za ukubwa wa kawaida ukiwa mitetemo kama 6,000 au 7,000 kwa sekunde. Kikiusikia, kompyuta inachelewesha cheche kwa nyuzi chache za mzunguko wa injini. Kisha, kugonga kukinyamaza, inairudisha taratibu mpaka ikaribie tena mpaka wake. Kwa hiyo injini ndogo iliyopangwa kwa oktani 91, ikiwa kwenye joto kali, imejaa abiria na inapanda mlima, inaweza kuwa imeshaanza kuchelewesha cheche, na oktani 98 ikairudishia kile kidogo ilichokuwa imekipoteza. Siwezi kukukatalia kwamba hilo lipo. Nachokukatalia ni kwamba lipo unapokwenda kazini asubuhi, katika foleni, mguu ukiwa umegusa tu pedali, kwa sababu katika hali hiyo silinda zinapata hewa kidogo, shinikizo liko chini, na injini iko mbali kabisa na kugonga hata kwa petroli ya daraja la chini kabisa inayoruhusiwa kwake.

Majaribio yaliyo wazi zaidi ninayoyafahamu juu ya suala hili yalifanywa na AAA, chama cha wenye magari cha Marekani. Mwaka 2016 kilijaribu magari ya silinda nne, sita na nane, yote yakiwa yamebuniwa kwa petroli ya kawaida, kikaona kwamba petroli ya daraja la juu haikuleta nafuu ya maana katika nguvu, katika ulaji wa mafuta wala katika moshi. Mwaka uliofuata kikageukia magari ya aina ya lile la mke wako, ambayo watengenezaji wanapendekeza oktani ya juu bila kuilazimisha. Safari hii tofauti ilionekana: umbali unaokwendwa kwa kiasi kilekile cha mafuta uliongezeka kwa wastani wa asilimia 2.7, na nguvu ikaongezeka kwa wastani wa asilimia 1.4. Wastani, hata hivyo, unaficha mengi. Audi A3 ilirudi nyuma kwa asilimia 1 katika umbali, ilhali Cadillac Escalade, gari kubwa na zito, ilipata asilimia 7.1.

Hesabu inayofuata ni rahisi na unaweza kuifanya ukiwa umesimama kwenye pampu. Kama petroli ya oktani 98 inazidi bei ya ile nyingine kwa asilimia 10, gari linapaswa kwenda mbali kwa asilimia 10 zaidi ndipo ulingane, kabla hata ya kuzungumzia faida. Hakuna gari hata moja katika majaribio yale ya 2017 lililofikia kiwango hicho. Maana yake ni kwamba, isipokuwa pale ambapo tofauti ya bei ni ndogo sana, hakuna anayejaza oktani ya juu kwa kusudi la kuokoa fedha akafanikiwa. Anayeijaza kwa busara huijaza ili kulinda injini iliyobuniwa kwayo au kupata nguvu yote aliyoinunua pamoja na gari.

Hapo sasa tunalifikia gari la mke wako. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya silinda, hewa hiyo hufika ikiwa na joto, na shinikizo la mwako hupanda kuliko katika injini ya kawaida, hivyo injini za namna hii huishi karibu zaidi na mpaka wa kugonga. Lililo muhimu ni kusoma kitabu kwa makini na kutofautisha maneno mawili ambayo watu huyasoma kana kwamba ni moja. Kikisema kwamba oktani fulani ni lazima, au kwamba ndiyo ya chini kabisa inayoruhusiwa, usishuke chini yake ila kwa dharura, na hata hapo uendeshe polepole mpaka upate mafuta yanayostahili. Kikisema inapendekezwa, mtengenezaji amekwisha kuijaribu injini kwa oktani ndogo zaidi, na mara nyingi ameitaja namba hiyo hapohapo. Kompyuta itachelewesha cheche, pengine itapunguza shinikizo la turbo, na injini itabaki salama huku ikipoteza sehemu ya nguvu zake. Kwa kuwa umeandika kwamba kinapendekeza, na mradi 95 haiko chini ya kiwango cha mwisho kilichotajwa, hamjakosea.

Hata hivyo, kama ningekuwa mimi ndiye mwenye gari hilo, ningelijazia 98 kabla ya safari ndefu yenye mizigo na milima, au katika miezi ya joto kali, na 95 katika mizunguko ya kawaida ya mjini. Turbo ikiwa haijaanza kusukuma kwa nguvu, dereva analipia kitu asichokitumia. Mke wako naye aepuke kukanyaga pedali hadi chini injini ikiwa kwenye mizunguko midogo na gia kubwa. Injini za turbo zinazonyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa wao wa mchanganyiko kuwaka kabla ya cheche katika hali hiyo, nao unahusiana zaidi na oili kuliko oktani, ndiyo maana mwaka 2018 kilianzishwa kiwango cha oili cha API SN Plus (API ni Taasisi ya Petroli ya Marekani) ili kuudhibiti. Oili sahihi kwa gari hilo, ikibadilishwa kwa wakati, ina thamani kubwa kuliko tofauti ya 95 na 98.

Dai la kusafisha injini linahitaji kutenganishwa na oktani, kwa sababu kinachosafisha ni kemikali nyingine kabisa zinazotiwa ndani ya petroli, nazo zinaweza kutiwa katika daraja lolote. Ni kweli kwamba baadhi ya wauzaji huzitia kwa wingi zaidi katika mafuta yao ya bei ya juu, na hapo mteja hunufaika kwa dawa hiyo akidhani kwamba amenufaika kwa oktani. Lakini mpango wa Top Tier, ulioanzishwa mwaka 2004 na BMW, General Motors, Honda na Toyota, humtaka muuzaji anayejiunga nao atie kiasi kinachotakiwa katika madaraja yote anayoyauza, likiwemo la kawaida. Kwa gari lako dogo, petroli ya kawaida kutoka kwa muuzaji anayeaminika, ambaye matangi yake ni safi na mafuta yake hayakai muda mrefu bila kuuzwa, ni bora kuliko oktani 98 iliyolala kwenye kituo ambacho wateja wake ni wachache. Iwapo injini inanyunyiza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, ujue pia kwamba dawa hizo haziwezi kusafisha valvu za kuingizia hewa, kwa kuwa petroli haipiti hapo kabisa.

Kuhusu wepesi uliousikia, sikudharau hata kidogo, ila hisia ya dereva ni kipimo kibovu. Hewa ya asubuhi yenye ubaridi huiongezea injini nguvu, tairi zilizojazwa upepo vizuri hupunguza mzigo, na mtu aliyelipa zaidi hulisikiliza gari lake kwa matumaini. Ukitaka uhakika, mwombe mtu mwingine awe ndiye anayejaza, asikuambie ametia mafuta gani, na wewe uandike kilomita na lita kwa matangi kadhaa mfululizo, mkijaza kwenye pampu ileile mpaka inapokata yenyewe, katika njia zako za kila siku. Usihukumu kwa tangi moja, maana mabaki ya mafuta ya awali yangalimo, na kompyuta za magari mengine huchukua muda kujifunza oktani mpya. Baada ya hapo fungueni karatasi zenu mlinganishe.

Nimeahidi kurudi kwenye zile njia mbili za kupima. Nchi nyingi huandika RON kwenye pampu, lakini Marekani na Kanada huandika wastani wa RON na MON, ambao kwa petroli ileile huwa mdogo kwa namba 4 hivi au 5. Hivyo 87 ya Marekani inakaribiana na 91 au 92 ya RON, na 91 yao inakaribiana na 95 au 96. Kama gari lako dogo lilitengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani na ile 91 iliyoandikwa ni ya hesabu yao, basi linataka petroli ya 95 kwa RON, na kulirudisha kwenye 91 ya RON litakuwa kosa. Kwa magari ya soko la Japani, kibandiko hutaja jina la daraja badala ya namba, na huko petroli ya kawaida ni kuanzia RON 89, ya daraja la juu ni kuanzia 96. Kagua kitabu uone kama herufi RON zimeandikwa kando ya namba hiyo, kwa kuwa ushauri wangu wote juu ya gari hilo umesimama hapo.

Kuchanganya hakuna ubaya. Petroli za oktani mbalimbali huchanganyika kikamilifu, na namba inayopatikana huwa karibu na wastani wa kiasi cha kila moja: nusu tangi ya 91 na nusu ya 95 itakupa 93 hivi. Kwa hiyo ile 98 iliyomo sasa huna haja ya kuimaliza wala kuitoa. Jaza ya kawaida juu yake na uendelee na safari. Vichupa vinavyouzwa kwa ahadi ya kuongeza oktani nakushauri uviache dukani. Vingi husifiwa kwamba vinaongeza “pointi” kadhaa, na katika lugha ya wauzaji hao pointi moja ni sehemu ya kumi tu ya namba ya oktani, hivyo pointi tatu zinaipandisha 91 yako hadi 91.3.

Hatimaye, ikiwa gari lolote kati ya hayo mawili litaanza kugonga huku likipata mafuta yanayotakiwa na kitabu, usikimbilie kupandisha daraja ili mlio unyamaze. Mpelekee fundi atazame kama injini inapata joto kupita kiasi, kama plagi ni za aina sahihi, kama sensa ya kugonga inafanya kazi, na kama masizi yamejaa ndani ya vyumba vya mwako, kwani masizi hupunguza nafasi, hupandisha mgandamizo na kuifanya injini idai oktani kubwa kuliko ilivyodai ilipokuwa mpya. Uwezekano wa petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nao uchunguzwe, hasa kama mlio ulianza mara tu baada ya kujaza mahali mlipozoea kutojaza; mafuta ya taa yana oktani ndogo mno, na kiasi kidogo chake kinatosha kuishusha petroli nzuri chini ya kiwango ambacho injini inakihitaji.